Mama, ulimi wangu unakwama na zamu yangu ya kusoma inakaribia

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, fundi wa kuchomelea. Banda langu liko Vingunguti na ninaishi Ukonga na mke wangu na watoto wawili. Nina kigugumizi tangu nilipoanza kuongea.

Watu wakisikia kigugumizi wanadhani ni kurudiarudia maneno kidogo kama wanavyoigiza kwenye vichekesho. Mimi neno linafika mlangoni, mlango unafungwa. Nalijua neno, naliona kabisa, lakini shingo inakaza, jicho la kushoto linafumba lenyewe, na yule ninayeongea naye anaanza kutazama viatu vyake. M na B ndizo mbaya zaidi. Mimi huwa nashuka kituo cha daladala cha Mombasa, huku huku Ukonga. Konda akiuliza "Mombasa wapo?", jibu ni neno moja tu, shusha, na hilo moja linanigomea. Nimeshapitishwa mpaka Gongo la Mboto mara nyingi, nikarudi kwa miguu. Siku hizi nashika sarafu ya mia mbili mkononi, nagonga bodi ya gari.

Kazini sina shida sana. Nikishavaa kinyago cha kuchomelea hakuna anayenisemesha, na bei ya geti naandika kwa chaki kwenye bati. Shida yangu ni kanisani.

Kanisani naimba besi kwenye kwaya, na nikiimba sikwami hata kidogo. Kanuni ya Imani na Baba Yetu tukisema wote pamoja, maneno yanatoka kama maji. Nikibaki peke yangu tu, basi. Hata salamu yenyewe, Bwana Yesu asifiwe, inaanza na B.

Mwaka jana nilichaguliwa mzee wa kanisa. Mke wangu alifurahi mpaka akalia, nikashindwa kusema hapana. Zamu yangu ya kwanza kusoma somo, nilisimama pale mbele nimeshika Biblia pande zote mbili, na mstari unaanza na "Bwana". Haitoki. Nikaangalia juu nikahesabu feni za dari, ziko nne. Mama mmoja benchi la mbele akanimalizia kwa sauti ndogo, "Bwana." Kuanzia hapo kila nikikwama kanisa linanimalizia, kama watoto wa chekechea. Najua walifanya kwa upendo. Nilirudi kukaa shati limelowa mgongo mzima. Zamu mbili zilizofuata nilimpigia mwinjilisti, nikamwambia nina malaria. Sikuwa na malaria.

Rafiki yangu akanipeleka kwenye maombezi sehemu fulani. Yule mtumishi akasema nina pepo bubu, ndiyo maana naimba lakini siwezi kunena, na nitoe sadaka ya kufungua kinywa, laki moja na nusu. Nilitoa kwenye hela ya vyuma niliyopewa na mteja. Wiki tatu baadaye hali ni ileile, nikaambiwa imani yangu ina tundu, nirudi na sadaka nyingine. Mama, nimeomba jambo hili tangu niko darasa la nne. Nimefunga. Nimelia.

Sasa mwanangu wa kiume ana miaka 4. Juzi aliniita akiwa mlangoni, "Ba-ba-ba-baba." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nijiuzulu uzee wa kanisa? Au kumtumaini Mungu maana yake niendelee kuaibika mbele za watu kila mwezi? Na kwa nini haniponyi? Zamu yangu nyingine ni Jumapili ya tatu ya mwezi ujao.

Fundi wa Ukonga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usijiuzulu. Na kwa yule mtumishi usirudi, wala hiyo laki na nusu nyingine usiitoe. Hela ya vyuma ni ya vyuma, mteja anasubiri geti lake.

Nianze na huyo mtumishi kwa sababu maneno yake bado yamekukaa. Alipokuambia pepo bubu, nadhani alikuwa anachukua Marko sura ya 9, yule kijana aliyeletwa na baba yake. Ifungue usome mwenyewe, usisomewe na mtu. Pepo yule alikuwa akimwangusha mtoto chini, anatoka povu, anasaga meno, ametupwa hata motoni na majini. Wewe unachomelea mageti siku nzima, unaimba besi, unalea watoto. Habari hiyo siyo yako. Halafu endelea mpaka mstari wa 24, umsikie baba wa mtoto anavyomlilia Yesu: naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Hiyo ndiyo imani yenye tundu, mwanangu, imesemwa kwa sauti mbele ya mkutano mzima, na mtoto akaponywa siku ileile bila baba yake kutumwa nyumbani kuleta chochote. Aliyekuambia Mungu amekwama kwa sababu ya tundu la imani yako hakuisoma sura aliyoitumia kukutisha.

Na kama ugonjwa unaobaki ni dalili ya imani ndogo, basi tuwaondoe wengi kwenye Biblia. Paulo huyu huyu, ambaye Matendo 19 inasema leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, ndiye anayemwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na udhaifu unaompata mara kwa mara. Ndiye anayeandika mwishoni mwa barua ya pili kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Alimwacha mgonjwa, akaendelea na safari. Sijawahi kusikia mtu akihubiri kuhusu Trofimo, na ninatamani wahubiri waanze, maana makanisa yetu ya hapa Dar yamejaa akina Trofimo wanaokaa benchi la nyuma wakidhani wao ndio wenye kosa.

Kuhusu kuimba bila kukwama, hilo nalo lisikutishe. Wataalamu wa matamshi wanalijua siku nyingi. Wenye kigugumizi wengi wanaimba vizuri, na wengi wao wakisoma maneno kwa pamoja na mtu mwingine, sauti kwa sauti, kukwama kunapungua sana au kunaondoka kabisa kwa muda huo. Chanzo chake kiko kwenye namna ubongo unavyoendesha mwendo wa maneno, mara nyingi kinatembea kwenye ukoo, na kinawapata wanaume zaidi ya wanawake. Kwa watu wazima ni kama mmoja katika 100. Ibada yenu ikiwa na watu 600, huenda mko sita. Hofu haikileti, ila inakiongezea nguvu, na nadhani wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa twende kwa Musa, maana nilipoisoma barua yako nilimwona yeye.

Kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 4, Musa anamwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Wapo wasomi wanaosema ni kigugumizi, wapo wanaosema alikuwa amekisahau Kimisri kwa kuchunga kondoo miaka mingi. Vyovyote ilivyokuwa, aliogopa kufungua kinywa mbele za watu. Angalia Mungu anajibu nini. Anamuuliza ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu, kisha anamwambia, "nitakuwa pamoja na kinywa chako." Nimeusoma mstari huo miaka mingi nikiupita haraka. Pamoja na kinywa chako, hicho hicho. Hakuahidi kingine.

Musa bado akasema, tuma mtu mwingine. Hapo ndipo Mungu alipokasirika. Musa alikuwa ameshatoa udhuru mwingi: mimi ni nani, nitawaambia jina lako nani, hawataniamini, ulimi wangu mzito. Yote hayo Mungu aliyajibu kwa uvumilivu. Hasira ikaja alipotaka kukabidhi kazi kwa mwingine na kurudi kwa kondoo. Na hata ndani ya hasira ile akamwambia kwamba ndugu yake Haruni yuko njiani anakuja kumlaki. Haruni alikuwa ameshaanza safari Musa akiwa bado analalamika.

Kisha ruka mpaka sura ya 6, na hapa ndipo nataka ukae. Musa ameshakwenda Misri, ameshasimama mbele ya Farao mara moja, ameshaona fimbo ikigeuka nyoka. Mungu anamtuma tena, naye anasema mimi ni mtu wa midomo isiyo tohara. Anasema hivyo mstari wa 12, anarudia mstari wa 30. Ulimi ulikuwa uleule! Sura inayofuata tunaambiwa alikuwa na miaka 80. Ikiwa kweli ni kigugumizi, alikibeba mpaka uzee na akaingia nacho ikulu ya Farao.

Na Haruni, mwenye kinywa chepesi, nisimsahau. Siku Musa alipokawia mlimani, Haruni ndiye aliyewatengenezea watu ndama, na alipoulizwa akajibu kwa ufasaha kabisa kwamba dhahabu aliitupa motoni na ndama akatoka. Watu wanaosema bila kukwama tunawaheshimu kupita kiasi, mwanangu. Mimi nimewasikiliza wengi.

Umeniuliza kwa nini Mungu hakuponyi. Sijui, na nitakuwa mwongo nikikupa sababu. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke mwilini, na alichojibiwa hakikuwa maelezo. Aliambiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 31, kwa hiyo niruhusu nikae kwenye neno hilo moja. Hutimilika. Hiyo ni hu- ya mazoea, ile ya jua huchomoza mashariki. Hakuambiwa ulitimilika, kwamba zamani kulikuwa na muujiza. Hakuambiwa utatimilika, kwamba asubiri mpaka apone ndipo uweza uje. Ni desturi ya huo uweza, ndivyo unavyofanya kazi siku zote. Basi wewe ukisimama pale mbele na B haitoki, hujatoka nje ya mahali huo uweza unapofanyia kazi.

Najua hayo ni rahisi kuyaandika mimi nikiwa nimekaa na kikombe cha chai. Kwa hiyo nikueleze jambo ambalo sijalisema sana.

Nilikuwa na mtoto darasa la tatu mwenye kigugumizi. Tulikuwa tunasoma hadithi kwa zamu, kila mtoto aya yake, dawati kwa dawati. Ikifika kwake namruka, namwita wa nyuma yake. Wenzake walikuwa wanamcheka na mimi nilijiona nina huruma, namwepushia aibu. Muhula mzima. Siku ya mwisho kabla ya likizo wenzake wameshatoka, alikuja mezani kwangu na kitabu kimefunguliwa, kidole kimeshika katikati ya ukurasa. Akasema, "Mwa-mwa-mwalimu, hii ndiyo yangu." Kila siku alikuwa anahesabu madawati, anajua aya yake ni ipi, anaisoma moyoni akisubiri. Nikamwambia soma. Ilikuwa mistari minne. Alisoma akiwa amesimama, amekaza shingo kama ulivyoeleza wewe, na safari hii nilikaa kimya, sikummalizia hata neno. Alipofika nukta ya mwisho alifunga kitabu akaondoka bila kunitazama. Mpaka leo naiona alama ya kidole chake cha jasho kwenye ule ukurasa.

Mimi nilimnyang'anya aya zake nikiita huruma. Ndiyo maana nakuambia usijiuzulu. Aya ya Jumapili ya tatu ni yako.

Utaaibika tena? Inawezekana, sikufichi. Utaona watu wanatazama chini, na nyumbani utafika umechoka kama uliyebeba zege. Kumtumaini Mungu hakutakuondolea joto lile la shingoni. Hata Bwana wetu Gethsemane jasho lilimtoka, na hakuona vibaya kuwaomba rafiki zake wakae macho naye. Walilala, lakini aliwaomba. Na wewe omba watu, usiende peke yako kama ulivyokwenda mara ya kwanza.

Mtafute Haruni wako wiki hii. Anaweza kuwa mke wako, anaweza kuwa mzee mwenzako wa zamu au mtu wa besi mwenzako kwenye kwaya, mradi awe mtu usiyemwogopa. Msome naye somo hilo kwa sauti, pamoja, mwanzo mpaka mwisho, kila jioni, kwa mwendo wa taratibu. Jumapili asimame ubavuni kwako na asome pamoja na wewe kwa sauti ya chini, ya kwako ikiwa juu. Kadiri miezi inavyokwenda anaweza kupunguza sauti yake. Lakini angalia: asome pamoja na wewe, asisome badala yako.

Salamu yenye B usianze nayo. Toa pambio kwanza. Una sauti ya besi, watu wataitikia, na kinywa kitakuwa kimeshaanza kutembea. Kisha waambie wazi, kwa maneno machache uliyoyazoea: nina kigugumizi, nikikwama nisubirini, msinimalizie. Walikumalizia kwa sababu hakuna aliyewaambia wafanye nini. Ukishasema mwenyewe, siri inakuwa imekwisha, na nusu ya mzigo wako ilikuwa kuificha.

Kabla ya hapo nenda kwa mwinjilisti umwambie kuhusu malaria. Usimpigie simu, nenda. Ni uongo mdogo lakini umekaa kati yako na madhabahu, na nimeona kwenye barua yako kwamba unakuuma. Atakusamehe. Mwombe pia akupe somo mapema, wiki mbili kabla ikiwezekana.

Wataalamu wa tiba ya matamshi wapo, ingawa nchini kwetu ni wachache. Anza kwa kuuliza kliniki ya masikio, pua na koo kwenye hospitali kubwa wakuelekeze. Wanafundisha namna ya kuingia kwenye neno polepole, kulegeza midomo kwenye hizo M na B, na kupumua. Si dawa ya kumaliza kabisa, na kwenda huko si kumkosea Mungu imani. Timotheo naye aliambiwa afanye kitu kwa ajili ya tumbo lake.

Mtoto sasa. Umri wake ndio umri ambao kigugumizi huanza, na watoto wengi wanaoanza hivyo kinawaacha chenyewe wanapokua. Hukumfanyia kosa. Huenda ni damu ya ukoo, kama vile alivyochukua pua yako. Akikwama usimwambie tulia, vuta pumzi, anza upya, hayo yanamfundisha kwamba kinywa chake kina hatia. Mwambie mama yake na bibi yake pia, na dada wa nyumbani kama yupo. Chuchumaa umtazame usoni mpaka amalize, kisha mjibu alichosema. Kikiendelea zaidi ya miezi sita, au ukiona anaanza kukaza uso au kukataa kuongea, muende naye kliniki hiyohiyo unayokwenda wewe.

Lakini ile siku alipokuita mlangoni, ulitoka ukakaa kwenye ngazi. Nakuelewa kabisa, ningekuwa wewe huenda ningefanya vivyo hivyo. Ila yeye alikuwa na jambo la kukuambia, na hujaniandikia lilikuwa nini. Rudi umuulize. Watoto wa miaka 4 wanakumbuka.

Jumapili ya tatu aje kanisani, akae na mama yake mahali anapokuona vizuri. Ukikwama, akuone umekwama. Akuone pia ukimaliza.

Na ukishapewa somo, niandikie ni kitabu gani, sura na mistari, na ibada yenu inaanza saa ngapi. Mimi nasali hapa Kimara ibada ya pili, kwa hiyo asubuhi hiyo nitakuwa nyumbani. Nitafungua ukurasa huo huo, na saa yenu ya masomo ikifika nitasimama nilisome kwa sauti, polepole, kwa mwendo wako.

Mama